AFYA YA NYUMBA: Wembe Uliochemshwa



Ndugu wasomaji, juma lililopita niliwaahidi mazungumzo juu ya choo cha nyumbani. Mtaniwia radhi, choo kitangoja. Jumanne alikuja ofisini kwetu parokiani bibi mmoja, mkunga wa siku nyingi, ambaye mikono yake imewapokea wengi wa wale walioandikwa katika kitabu changu cha ubatizo, tena tangu kabla mimi mwenyewe sijazaliwa. Alifuatana na baba mmoja kijana. Walikuja kuandikisha mambo mawili kwa pamoja: ubatizo wa hatari, ambao bibi aliutoa yeye mwenyewe kwa maji, kama Kanisa linavyomruhusu mtu yeyote saa ya hatari, na maziko ya mtoto huyo huyo. Alikuwa na umri wa siku nane.

Mtoto alizaliwa nyumbani usiku. Mvua ilikuwa kubwa, mto umefurika, na njia ya kwenda zahanati haikupitika. Alizaliwa mzima, akalia vizuri, akanyonya siku tatu kama watoto wote. Siku ya nne akashindwa kulishika titi, mdomo umekaza. Siku ya sita mwili ukawa unapinda kwa nyuma kama upinde kila mlango ulipobamizwa au taa ilipowashwa. Majirani wakaanza kusema maneno ambayo watu husema wakati kama huo, na kumtaja mtu. Maneno hayo siyaandiki hapa.

Nilipokwisha kuandika, yule baba akatoka nje. Bibi akabaki ameketi kwenye benchi. Akaniuliza, “Mwanangu karani, wewe umesoma chuo cha ualimu. Wembe ule niliuchemsha. Niliyaona maji yanatokota kwa macho yangu haya. Mbona amekufa?”

Nikamwambia, “Bibi, nipe siku chache.” Sababu ya ugonjwa niliijua: ilikuwa pepopunda. Lakini swali la wembe nililijua nusu nusu, kama mtu anavyokumbuka somo la chuoni. Nikaenda kumwuliza Sista mwuguzi wa zahanati, nikafungua tena vitabu vyangu. Baba wa mtoto amenipa ruhusa kuandika, bila majina. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tuelewane juu ya neno moja. Sisi husema “safi” kwa mambo matatu yaliyo mbalimbali. Sahani iliyooshwa kwa sabuni twasema ni safi: uchafu umeondoka, na vijidudu vingi vimechukuliwa na maji, lakini vilivyobaki vi hai. Maji yaliyochemshwa twasema ni safi: vijidudu vyote viletavyo kuhara vimekufa, ila si kila kiumbe kilichomo. Sindano ya hospitali iliyofungwa katika karatasi yake nayo twasema ni safi: humo hamna kitu kilicho hai hata kimoja, wala mbegu yake. Hii ya tatu ndiyo waganga huita kutakasa. Tatizo letu ni kwamba twafanya kazi ya pili tukidhani tumefanya ya tatu.

Jambo hili lilianza kujulikana kwa ubishi wa mapadre wawili. Mmoja alikuwa Mwingereza, Padre John Needham. Katika miaka ya 1740 alichemsha mchuzi wa nyama, akautia katika chupa zenye vizibo, na baada ya siku chache akakuta umejaa vijidudu. Akasema viumbe hivi huzuka vyenyewe katika mchuzi. Wa pili alikuwa Mwitaliano, Padre Lazzaro Spallanzani, naye hakukubali. Alichukua chupa za kioo, akaziba shingo zake kwa kuyeyusha kioo chenyewe kwa moto, kisha akazichemsha muda wa saa nzima au karibu. Mwaka 1765 akachapisha habari zake: chupa zilizozibwa sawasawa na kuchemshwa muda mrefu hazikuota kitu. Vijidudu vya Needham vilitoka hewani na chupani, havikuzuka.

Lakini Spallanzani alikuwa mtu mwangalifu. Aliona kwamba vijidudu vikubwa vilikufa upesi sana katika joto, hali vingine vidogo mno vilivumilia maji yanayochemka hata nusu saa. Aliandika aliyoyaona, ingawa hakujua sababu. Ilipita miaka zaidi ya mia moja kabla watu hawajaijua.

Sababu yenyewe mkulima ataielewa kuliko mtu wa mjini. Shina la hindi likipigwa na jua kali hufa. Lakini punje ya hindi waweza kuitundika darini juu ya moshi miezi sita, imekauka kama jiwe, na mvua ikija inaota. Wako vijidudu wa jinsi hiyo. Wakiona hali mbaya, hujifanyia mbegu ngumu yenye ganda juu ya ganda, na ndani yake maji ni kidogo sana. Mwaka 1876 wataalamu wawili wa Ujerumani, Ferdinand Cohn na Robert Koch, walizieleza mbegu hizi, kila mmoja katika kijidudu chake. Koch alizionyesha katika kijidudu cha kimeta. Wafugaji wanajua kwamba ng'ombe aliyekufa kwa kimeta hapasuliwi wala haliwi, na mahali alipoanguka hubaki na hatari miaka mingi. Ni kwa ajili ya mbegu hizo zilizomo udongoni. (Huyu Koch ndiye aliyefika Dar es Salaam mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1906 akaenda visiwa vya Sese, Uganda, kuchunguza malale.)

Mwaka uliofuata, 1877, John Tyndall huko London alisumbuliwa sana na majani makavu. Maji yaliyolowekwa majani ya zamani aliyachemsha saa nyingi, na bado yakaota vijidudu. Ndipo akatumia akili ambayo naiita ya mkulima. Shambani ukitaka kumaliza magugu, hupigi jembe mara moja ukaenda zako. Unapalilia, unaacha mbegu zilizobaki ziote, unapalilia tena zikiwa changa. Tyndall alichemsha kidogo, akaacha, mbegu zikaamka zikawa vijidudu laini, akachemsha tena, akaacha, akachemsha tena. Joto dogo la mara kadhaa likafanya kazi ambayo joto refu la mara moja lilishindwa.

Sasa nafika kwenye swali la bibi. Mwaka 1884 Arthur Nicolaier, Mjerumani, aliwadunga wanyama udongo wa bustani wakapata pepopunda, naye akakiona kijidudu chenyewe. Lakini hakuweza kukitenga na vingine, maana udongo una vijidudu vya kila namna. Aliyeweza ni Mjapani, Shibasaburo Kitasato, aliyekuwa akifanya kazi kwa Koch mjini Berlin. Na jinsi alivyoweza ndiyo iliyonifanya niweke kitabu chini nikanyamaza. Aliwachukua wote pamoja, akawatia katika joto la nyuzi 80. Wengine wote wakafa. Zikabaki mbegu za pepopunda peke yake. Ilikuwa mwaka 1889.

Mmeona? Moto ndio aliotumia kukitenga. Joto lililowaua wengine wote liliiacha pepopunda bila jirani. Maji yanayochemka ni makali zaidi ya nyuzi 80, ni kweli, lakini wembe uliopita katika maji yanayotokota muda wa kupika chai hauwezi kusemwa umetakaswa na pepopunda. Na wembe wa bibi, nilipomwuliza Sista maswali naye akaniuliza yake, ilidhihirika ulikuwa wapi kabla ya usiku ule: umechomekwa katika udongo wa ukuta, na kazi yake ilikuwa kutoa funza na kukata kucha.

Mtu atauliza kwa nini joto lishindwe. Tazama ute wa yai. Ukiupasha moto hugeuka mweupe na mgumu, wala huwezi kuurudisha tena uwe ute. Mwili wa kijidudu umejengwa kwa vitu vya namna hiyo, na joto huviharibu vivyo hivyo. Lakini uharibifu huo wahitaji maji. Mbegu ni kavu ndani, kwa hiyo huharibika polepole mno.

Dawa ya shida hii ni mvuke uliofungiwa. Katika sufuria ya kawaida, hata ukirundika kuni namna gani, maji hayapiti nyuzi 100. Kuni zinazozidi huzidisha mvuke tu. Sisi wa milimani hata hiyo 100 hatuifikii. Mahali palipo mita 2,000 juu ya bahari, kama Njombe ilivyo karibu, maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, ndiyo sababu maharage huko hula kuni nyingi. Lakini ukifunga mfuniko kwa nguvu, mvuke ukakosa pa kutokea, joto hupanda. Mfaransa Denis Papin aliwaonyesha wataalamu wa London chungu cha namna hiyo mwaka 1679, akakilainisha ndani yake hata mfupa. Miaka 200 baadaye, mwaka 1879, Charles Chamberland, mtu wa Pasteur, akatengeneza chungu hicho kwa kazi ya maabara. Kile chombo kama pipa kilicho katika hospitali zetu, chenye saa ya presha juu, ni mjukuu wake. Ndani yake mvuke hufika nyuzi 121, na vyombo hukaa dakika 15 au 20, vilivyofungwa kwa nguo dakika 30. Hapo mbegu hufa.

Ni lazima uwe mvuke, wala si hewa ya moto. Anayeoka mikate ajua kwamba huweza kuingiza mkono katika tanuri akautoa salama, lakini mvuke wa birika, ambao si mkali kama tanuri, ukimgusa humbabua. Mvuke hutoa joto lake lote mahali unapogusa, tena unaleta maji. Kwa hewa kavu hospitali yahitaji nyuzi 160 kwa muda wa saa mbili. Wale wanaopitisha wembe juu ya mwali wa kibatari wanapata masizi.

Najua swali litakalokuja kwa barua: “Karani, basi maji ya kunywa twayachemsha bure?” Hasha! Kijidudu cha kipindupindu, cha homa ya matumbo, na wale wa kuhara damu hawana mbegu. Maji yakitokota sawasawa dakika moja wamekwisha. Huku milimani Sista asema tuache dakika tatu. Mbegu za pepopunda hata ukizimeza hazikudhuru. Zimo katika matumbo ya ng'ombe na farasi, na ng'ombe anatembea. Ubaya wake huanza zinapoingia katika kidonda kirefu kisichopata hewa. Huko huota, na kutoa sumu iingiayo katika mishipa ya fahamu. Kitovu kilichokatwa ni kidonda cha namna hiyo hasa. Ndiyo maana namna moja ya usafi yatosha kwa kikombe wala haitoshi kwa wembe.

Ila kuna mbegu moja ya kumeza iliyo hatari kwa mtoto mchanga, na ni dada yake pepopunda. Mara nyingine imo katika asali. Mtu mzima ailapo haimdhuru, bali tumbo la mtoto halijaweza kuizuia isiote. Kwa hiyo ile desturi ya kumlambisha mtoto asali siku ya kuzaliwa haifai. Asali ingoje mpaka amalize mwaka mmoja.

Nije kwa dawa. Habari ya kwanza ya dawa za kuua vijidudu ni habari ya akina mama wazazi, nayo ina padre ndani yake. Katika hospitali kubwa ya Vienna, katika miaka ya 1840, palikuwa na wodi mbili za uzazi. Ya kwanza ilikuwa ya wanafunzi wa uganga, ya pili ya wakunga. Katika ile ya waganga akina mama walikufa kwa homa ya uzazi wengi kupita ile ya wakunga, hata wengine walilia wakipelekwa huko. Mganga kijana, Ignaz Semmelweis, alitafuta sababu kila mahali. Akaona kwamba padre anapopeleka Sakramenti kwa mgonjwa hupita katika wodi ya kwanza, na mbele yake kengele inalia. Akafikiri labda ni hofu ya kengele inayowaua. Akamwomba padre apite njia nyingine bila kengele, naye akakubali. Vifo havikupungua.

Ndipo rafiki yake mganga akakatwa na kisu kilichotumika kupasulia maiti, akafa kwa ugonjwa uliofanana na wa wale wazazi. Semmelweis akaelewa: waganga na wanafunzi walitoka chumba cha maiti wakaenda moja kwa moja kuwashika wazazi, wakunga hawakupasua maiti. Katikati ya Mei 1847 akaamuru kila mtu aoshe mikono kwa maji ya chokaa ya klorini. Mwezi wa Aprili, katika kila wazazi 100 walikuwa wamekufa 18. Mwezi wa Juni walikufa wawili. Mikono mitupu, jamani! Wakubwa wengi walimpinga hata hivyo, kwani hakuna mganga apendaye kuambiwa kwamba mikono yake ndiyo iliyoua.

Klorini hiyo ndiyo mnayoinunua dukani kwa kufulia nguo nyeupe. Ni dawa hodari, lakini kwanza yapenda uchafu. Ukiitia katika ndoo yenye damu au matope, nguvu yake yote huishia humo, wala haina la kufanya kwa vijidudu. Sharti chombo kioshwe kwa sabuni kwanza, ndipo klorini. Dawa iliyoandikwa 3.5 kwa mia, ukitaka maji ya kupangusia mahali pa damu au matapishi ya mgonjwa, chukua kikombe kimoja cha dawa na vikombe sita vya maji. Yakorogwe kila siku upya, yakae kivulini, kwa kuwa jua huyamaliza. Na kamwe usichanganye dawa hiyo na asidi ya kusafishia choo wala na mkojo: hutoka hewa inayokaba koo, na chumba kikiwa kidogo yaweza kuua.

Spiriti ni ya ngozi. Inayouzwa dukani nzuri ni ile ya 70 kwa mia, na watu hushangaa kusikia kwamba hiyo ina nguvu kuliko ya 95. Sababu ni lile yai: bila maji kidogo ute haugandi vizuri. Gongo siyo spiriti, nguvu yake haina kipimo, usiilete karibu na kitovu cha mtoto. Hata spiriti yenyewe, mbegu zikiwamo, huzilowesha tu. Kaboliki, ile harufu ya sabuni nyekundu tunayoijua wote, mganga Joseph Lister wa Glasgow aliianza kwa vidonda mwaka 1865, akaokoa miguu mingi iliyokuwa ikatwe. Lakini Koch alipoijaribu kwa mbegu za kimeta mwaka 1881, aliona kwamba ikichanganywa na mafuta haifanyi kitu chochote. Dawa ni ile ile. Kinachobadilika ni kilichochanganywa nayo na yule anayepigwa.

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kanisani, niseme neno juu ya maji ya baraka. Mwaka 2020, wakati wa corona, parokia nyingi ziliyaondoa milangoni, na wako waliokwazika. Baraka haichafuki. Chombo huchafuka, maana mikono mia tatu yaingia humo Jumapili moja. Viongozi wa vigango wakisugue na kukikausha kila juma, yale ya zamani wayamwage ardhini kama desturi ilivyo.

Basi Jumapili baada ya Misa nilikwenda kwa bibi. Alikuwa anapepeta mtama. Nikamwamkia, “Shikamoo, bibi,” akanipa kigoda. Nikamweleza habari za mbegu, na punje iliyo darini, na yule Mjapani. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaniuliza swali ambalo hata Sista hakuniuliza: “Na wale wengine wote? Nimekata kwa wembe kama huo miaka arobaini.” Nikasema siku hizo mbegu haikuwapo juu ya wembe, au mama alikuwa amechanjwa. Akasema, “Kwa hiyo ilikuwa bahati.” Sikupata la kujibu.

Nikamwuliza kama kuna kitu kilichopakwa kitovuni. Akapepeta kidogo. Akasema yeye hakupaka, ila nyanya ya mtoto alitia majivu siku ya pili, maana kitovu kilikuwa kibichi. Kwa hiyo siwezi kuwaambia kama mtoto yule aliuawa na wembe au na majivu yaliyozolewa sakafuni. Njia zote mbili zatoka udongoni.

Jambo lililo kubwa kuliko yote mawili alinieleza Sista. Mama wa mtoto alidungwa sindano moja tu ya pepopunda, hakurudi kwa ya pili. Mama akichanjwa sawasawa, kinga yake hupita kwa mtoto tumboni, na mtoto huzaliwa nayo. Mimba ya kwanza sindano mbili, kwa kuachana majuma manne, na ya pili iwe imepita angalau majuma mawili kabla ya kuzaa. Akifikisha tano katika maisha yake, amekingwa yeye na uzazi wake wote. Kwa njia hii, na kwa kuzalia zahanati, ugonjwa huu ulipungua sana hata mwaka 2012 Tanzania ikahesabiwa miongoni mwa nchi ambamo kila wilaya haifikishi mtoto mmoja mwenye pepopunda katika watoto 1,000 wanaozaliwa. Lakini surua ikiisha kijijini imeisha. Pepopunda haiambukizwi na mtu, imo shambani mwetu, na mtoto wa mama asiyechanjwa hasaidiwi na chanjo ya jirani.

Nisieleweke vibaya juu ya kuchemsha. Mto ukifurika tena, na hapana ila wembe wa zamani, uoshwe kwa sabuni na kuchemshwa dakika 20 kamili. Virusi vya ukimwi na vijidudu vingi vitakufa, na hilo si dogo. Ila mwenye mimba asingoje mto. Mwezi wa nane awe na wembe mpya usiofunguliwa karatasi yake, uzi safi, kipande cha sabuni na kanga iliyofuliwa na kuanikwa juani, vyote katika mfuko mmoja. Wembe wa dukani haukutakaswa kama kisu cha hospitali, bali haujagusa udongo. Mikono ya mkunga ioshwe kwa sabuni mpaka viwiko. Kitovu kiachwe wazi, kikavu, bila majivu, bila samadi, bila mafuta, bila mate ya mtu. Wengine wameuliza juu ya dawa ya kitovu iitwayo klorheksidini. Huko Nepal na Bangladesh iliokoa watoto. Ilipojaribiwa kisiwani Pemba kwa watoto zaidi ya 36,000, toka mwaka 2011 hadi 2014, haikuonekana kupunguza vifo kwa kiasi cha kutegemewa. Wakikupa zahanati ipake kama walivyokuagiza. Usiinunue kwa mchuuzi.

Na mtoto aliyekuwa ananyonya vizuri, kisha kati ya siku ya tatu na ya 28 akashindwa kunyonya na kukaza mwili, apelekwe hospitali saa ile ile, hata kwa machela. Asipelekwe kwanza kwa mtu wa kutazamia.

Nilipoaga, bibi aliingia ndani akatoka na ule wembe, umefungwa katika kitambaa. Akaniambia niutupe chooni parokiani, kwake watoto watauokota. Halafu akanihesabia kwa vidole akina mama watatu walio na mimba upande wa ng'ambo ya mto, akataja na miezi yao. Jumatano ni siku ya kliniki. Amesema atawapitia yeye mwenyewe alfajiri, watangulie kabla jua halijawa kali.

Juma lijalo, choo.

Wenu katika Kristo,
Karani wa Parokia